Hata ukija kununua panadol, muuzaji anatakiwa akuulize kwanza

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi na poleni na majukumu. Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee kitu ambacho naona kinapuuzwa sana, nacho ni maongezi ya pale kwenye kaunta ya duka la dawa, kati ya sisi tunaouza na nyie mnaonunua. Mimi ni mtoa dawa kwenye duka la dawa muhimu hapa Morogoro, kozi nimesoma na cheti ninacho, na ninachotaka kusema ni kimoja tu: dawa isitoke kabla muuzaji hajauliza maswali. Dawa yoyote, hata zile ambazo hazihitaji cheti cha daktari, tena hizo ndo zaidi, maana huyo mteja hajapita kwa daktari wala kwa nesi, mtu wa kwanza na wa mwisho kuongea nae kuhusu ugonjwa wake ni wewe uliesimama hapo na koti jeupe.

Angalieni inavyokuwaga. Mtu anafika, "Dokta nipe diclopa za mia tano", anakatiwa, analipa, anaondoka, dakika haijaisha. Hakuna aliemuuliza anaumwa nini, ana vidonda vya tumbo au hana, anatumia dawa za presha au hatumii, na kama ni mama je ni mjamzito. Sasa diclopa ndani yake zimo dawa mbili, kuna diklofenaki na kuna parasetamoli, hiyo diklofenaki kwa mwenye vidonda vya tumbo inaweza ikamfanya atoke damu kwa ndani, kwa mwenye figo mbovu inazidi kuziumiza, mtu wa presha inampandishia presha, na mama mwenye mimba kubwa haimfai kabisa. Alafu huyo huyo akifika nyumbani kichwa bado kinagonga anameza panadol mbili, jioni mafua yanamsumbua anameza ya mafua ambayo nyingi nazo zina parasetamoli ndani, yeye anajua amemeza dawa tatu tofauti kumbe parasetamoli amerudia mara tatu. Mtu mzima mwisho wake ni gramu 4 ndani ya masaa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, ukipitiliza hapo unaumiza ini, na ubaya ni kwamba ini linaweza kuwa limeshaanza kuharibika na mtu bado anajiona yuko sawa, anatembea, anafanya kazi zake.

Na maswali yenyewe sio mengi jamani. Dawa ni ya nani, ana umri gani, imeanza lini, ameshameza nini mpaka sasa, ana ugonjwa mwingine au mimba au ananyonyesha, kuna dawa ilishawahi kumletea shida. Basi. Dakika mbili zinatosha.

Hilo la "ni ya nani" nalitilia mkazo sana. Mtaani kwetu watoto ndo wanatumwa dukani, unakuta katoto kameshika shilingi mia tano kanasema "nimetumwa dawa ya kichwa", muuzaji anampa, hajui kichwa ni cha baba, cha bibi mwenye presha au ni cha mdogo wake wa miaka mitatu aliebaki kitandani na homa. Ukitoa aspirini ikaenda kwa mtoto umemuweka kwenye hatari, aspirini haipewi watoto wenye homa na mafua, kuna ugonjwa mbaya wa ini na ubongo unaweza kuwapata. Mimi nampa mtoto kikaratasi arudi nacho kwa aliemtuma, au mzazi apige simu dukani, na wazazi wengine wanakasirika kweli ila mtoto hawezi kunijibu hayo maswali, na simpi dawa.

Tukiwa bado kwenye watoto, dawa za maji. Mama anaambiwa "mpe kijiko kimoja mara tatu", kijiko kipi? Vijiko vya majumbani havilingani, kuna vya chai, kuna vya chakula, kuna vile vikubwa vya zamani, wakati dawa imepimwa kwa mililita 5. Muuzaji afungue boksi, amuonyeshe mama kile kipimo kilichomo humo ndani, kama hakuna ampe sirinji isiyo na sindano amuonyeshe mstari wa kuishia. Na dozi ya parasetamoli ya mtoto inaenda na kilo zake, kwa hiyo kama mama ana kadi ya kliniki aje nayo. Kikohozi cha mafua ya kawaida kwa mtoto mdogo mara nyingi wala hakihitaji chupa ya dawa, kama ameshavuka mwaka mmoja asali kidogo inatuliza, chini ya mwaka mmoja asali hapana kabisa. Ukimwambia mama hivi anabaki na hela yake, ila mwenye duka hafurahi, na huko ntarudi. Kuhusu chupa zenyewe, Oktoba 2022 WHO ilitoa tahadhari ya dawa za kikohozi na mafua za watoto zilizokutwa na sumu kule Gambia, watoto karibu 70 walipoteza maisha kwa figo kufeli, kwa hiyo muuzaji akinunua chupa za bei rahisi kwa mtu anaepita na begi bila risiti ajue anacheza na nini.

Kingine ni kununua dawa kwa kiasi cha hela ulichonacho. "Nipe mseto wa buku", yaani dawa ya malaria ya elfu moja. "Nipe nusu dozi, nyingine ntakuja chukua kesho", na hiyo kesho haifiki kwa sababu homa imeshuka. Mseto wa mtu mzima ni vidonge 24, vinne vinne mara sita ndani ya siku 3, ile dozi ya pili unameza baada ya masaa 8 alafu kuanzia hapo asubuhi na jioni, na umeze ukiwa umekula kitu chenye mafuta mafuta au chai ya maziwa ndo inaingia vizuri mwilini. Na kabla ya yote hayo upime, sio kila homa ni malaria. Wenye umri wao wanaikumbuka klorokwini, iliondolewa mwaka 2001 ikaja SP, ile ya Fansidar, nayo 2006 ikaachwa kwenye kutibu malaria ukaingia mseto, na sababu ni hiyo hiyo, vijidudu vilikuwa vimeshazoea dawa. Antibayotiki nazo ndo hivo hivo, mtu anataka kapsuli mbili tatu za amoksilini za koo, na akikataliwa duka hili anaenda la jirani anapewa, hapo ndo roho inaniuma, kwa sababu mimi nikikataa peke yangu inakuwa kama kuzuia maji kwa kiganja.

Mtoto kuharisha ndo mfano ambao mteja angepata msaada mkubwa kwa hela ndogo kabisa. Mzazi anakuja anataka Flagyl, dawa ya kuua vijidudu, amezoea, mama yake nae alikuwa anampa hivo. Lakini mtoto anaeharisha maji maji bila damu kinachoweza kumuua haraka ni kuishiwa maji mwilini, anachohitaji ni ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, na zinki. Pakiti ya ORS ya lita moja unachanganya na lita moja kamili ya maji safi, sio glasi moja ili iwe kali, ikibaki baada ya masaa 24 unamwaga unatengeneza nyingine, na zinki anapewa siku 10 mpaka 14 hata kama kuharisha kumekata siku ya pili. Chini ya miezi sita ni miligramu 10 kwa siku, kuanzia miezi sita ni 20. Aendelee kunyonya na kula. Ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, mtoto amelegea hanywi chochote, hapo usimuuzie kitu zaidi ya hiyo ORS ya kunywa njiani, mwambie mama apande boda aende kituo cha afya sasa hivi.

Alafu kuna kile kibahasha cha kaki. Tunaandika 1x3 tunampa mtu anaondoka. Wengi wanaelewa ni asubuhi mchana jioni, wanameza saa 2, saa 7 na saa 12, usiku kucha mwili hauna dawa, wakati kwa antibayotiki ilitakiwa kila baada ya masaa 8, mfano saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Si tuandike masaa tu? Na vile vidonge vinavyokatwa na mkasi, ukikata pale pembeni jina na tarehe ya kuisha vinabaki dukani, mteja anaenda na vidonge vyeupe havijulikani ni nini, wiki ijayo anavikuta kwenye droo anampa mtu mwingine. Jina la dawa, nguvu yake na tarehe ya kuisha viandikwe kwenye kibahasha, kalamu ni bei gani.

Kuna jambo halisemwi sana, aibu. Dada anakuja kuchukua P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, amesubiri watu wapungue, anaongea kwa sauti ya chini, muuzaji anauliza kwa nguvu "unataka P2?" na watu watatu wanageuka. Huyo hatauliza swali lolote tena. Hataambiwa kwamba inatakiwa ndani ya masaa 72 na kadri unavyowahi ndo inafanya kazi vizuri zaidi, kwamba akitapika ndani ya masaa mawili arudie, kwamba haimkingi na UKIMWI, kwamba siku zikichelewa zaidi ya wiki apime mimba, na kwamba sio ya kumeza kila wiki, kuna njia nyingine za uzazi wa mpango zenye uhakika zaidi. Hata wababa wenye fangasi au wanaotaka dawa za nguvu za kiume wako hivo hivo, na hao wa nguvu za kiume inabidi uwaulize kama wana tatizo la moyo na dawa wanazotumia, sasa utamuuliza vipi mbele ya watu? Kona ndogo na viti viwili, hicho tu.

Sasa nirudi kwa wenye maduka. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianza Ruvuma mwaka 2003 na ukasambaa nchi nzima kuchukua nafasi ya yale maduka ya zamani ya dawa baridi, na lengo mojawapo lilikuwa hili hili, kwamba anaeuza awe amefundishwa. Leo unakuta cheti cha mtu kiko ukutani na mwenyewe hayupo, kaachwa mpwa wa tajiri amemaliza kidato cha nne juzi, anajua bei zote hajui matumizi. Mauzo yanahesabiwa jioni, ushauri hauhesabiwi popote, ukimpeleka mgonjwa hospitali bila kumuuzia kitu unaulizwa umemwachiaje. Mtu anaekohoa wiki mbili au zaidi hatakiwi kuuziwa chupa ya tatu ya dawa ya kikohozi, anatakiwa aende kupima kifua kikuu, na vipimo na matibabu yake ni bure kwenye vituo vya serikali, lakini chupa ya tatu ina faida na kumuelekeza hakuna faida.

Na nyie wateja wetu msituone wambea tukiuliza. "Sijaja kuhojiwa, nina haraka" nasikia kila siku, nawaelewa, ila njooni na ganda la dawa mnayotumia, semeni kama mna mimba hata changa, na mkimuona muuzaji hajauliza chochote muulizeni nyie yeye.

Ndugu Mhariri, naomba mumtume mwandishi azungukie maduka ya mtaani kama mteja wa kawaida aone anaulizwa nini, alafu aende Baraza la Famasi awaulize wanafanya nini kwa duka ambalo mwenye cheti hayupo.

Mtoa dawa,
Morogoro