Wajukuu zangu mnaosoma uchumi, nendeni stoo

Wajukuu zangu mlioko masta na PhD za uchumi, hamjambo? Mimi mwalimu mstaafu tu, hizo grafu zenu siziwezi ila kusoma nasoma, na kuna mama mmoja nataka niwaambie habari zake maana naona mnamtaja kwa ile Nobeli tu basi.

Claudia Goldin, wa New York, kazaliwa 1946. Cornell kaingia akitaka kusomea bakteria, masomo ya mwalimu wa uchumi pale, Alfred Kahn, yakamvuta kwenye uchumi, PhD kachukua Chicago 1972, na 1990 ndo akawa mwanamke wa kwanza kupata ajira ya kudumu idara ya uchumi pale Harvard. Nobeli imemkuta 2023 ana miaka 77. Nyie supavaiza akirudisha chapta mara mbili mnataka kuacha chuo.

Sasa sikilizeni. Yeye na mwenzake Lawrence Katz walitaka kujua zamani shule ilikuwa inamlipa mtu kiasi gani, shida sensa ya taifa ya Marekani haikuuliza mtu kasoma miaka mingapi wala analipwa ngapi mpaka 1940. Wakaenda jimbo la Iowa, wale walishafanya sensa yao 1915, kila mtu na kadi yake, miaka ya shule ipo, kipato kipo. Kadi jamani, za karatasi! Wakachukua za makumi elfu ya watu, wakakuta mwaka wa shule ulikuwa unaongeza kipato hata kwa mkulima, sio karani wa ofisini peke yake. Ndo unaelewa kwa nini watu wa vijiji kama vile walikubali kukatwa kodi zijengwe sekondari, mpaka waliomaliza wakapanda kutoka kama asilimia 9 ya vijana mwaka 1910 hadi nusu hivi ilipofika 1940.

Halafu kwenye sensa za zamani Goldin alikuta mwanamke kaandikwa kazi yake "mke", basi, hata kama kutwa yuko shambani. Akaanza kuzisahihisha hesabu upya. Hapo mimi nilifunga kitabu kidogo, maana rejista ya kuandikisha watoto nimeijaza kwa mkono huu huu, baba "mkulima", mama "mama wa nyumbani", na huyo mama asubuhi nimepishana naye njiani ana jembe begani.

Na zile rejista ziko wapi? Shule moja niliyofundisha walisafisha stoo wakaziuza kwa kilo. Siku hiyo niko stendi nanunua karanga, nafungua, naona ni ukurasa wa mahudhurio, enzi zile za kuandikisha watoto wote baada ya Azimio la Musoma la 1974, vema za wino wa bluu na mtoto mmoja mstari mzima utoro, wiki tatu. Nilijiuliza alikuwa wapi huyu, mavuno au ada au ugonjwa, hakuna wa kunijibu.

Kwa hiyo kabla hamjadaunlodi data za Benki ya Dunia nendeni mashuleni, mkae na mwalimu mkuu, barua ya chuo mkononi, barakoa kwa ajili ya vumbi, simu iwe na chaji. Atawashangaa, mvumilieni.

Karatasi yangu ya karanga bado ninayo, ina doa la mafuta kidogo. Anayeitaka aje, ila sitoi, unapigia picha hapa hapa mezani.