Zulia Halikaushwi kwa Joto Peke Yake

Katika kazi yetu ya kusafisha mazulia na magodoro, kosa tunaloliona zaidi ni hili: mteja anamwagikiwa na maji, anafunga madirisha, anawasha hita na kwenda kulala. Asubuhi vioo vinatiririka matone, na zulia bado bichi.

Maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini hayasubiri kuchemka ndipo yawe mvuke. Hata kwenye ubaridi, chembe zilizo juu huponyoka moja moja kwenda hewani, na kila inayoondoka huchukua joto. Ndiyo maana shati bichi linakutia baridi mgongoni.

Tatizo la chumba kilichofungwa ni kwamba hewa nayo hushiba. Kwa nyuzi 30, mita moja ya ujazo hubeba mvuke wa gramu 30 hivi. Kwa nyuzi 20, kama gramu 17 tu. Chukua chumba cha mita tatu kwa nne, dari mita mbili na nusu: ni mita 30 za ujazo. Hata hewa yake ingeanza kavu kabisa (na haianzi hivyo kamwe), kwa nyuzi 30 ingemeza maji yasiyofika lita moja. Zulia lililolowa linaweza kuwa na lita kadhaa. Hayo mengine yaende wapi?

Kwa hiyo sisi huanza kwa kunyonya. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke hula joto karibu mara saba ya lile la kuitoa nyuzi 20 hadi 100, kwa hiyo maji yanayoweza kutoka kwa nguvu ya mashine hatuyaachii hewa. Tunapitisha mashine polepole, tunarudia palepale hadi bomba lisilete tone. Kisha tunainua zulia kwa vigingi ili upepo upite juu na chini, na feni tunaiweka karibu na sakafu ipulize kwa ubavu. Madirisha wazi, pande mbili ikiwezekana. Mvua ikinyesha ni kinyume: funga, washa kiyoyozi, nacho hutoa unyevu nje kwa bomba lake.

Nguo nazo ni vilevile. Ile isiyovumilia kukamuliwa, iviringishe ndani ya taulo kavu, ikanyage kidogo, kisha uianike. Jinzi igeuze nje ndani. Mifuko na ukanda wa kiuno ndivyo huchelewa.

Kabla ya kurudisha fanicha, bandika tishu nyeupe juu ya zulia na uikanyage kwa kisigino. Ikilowa, subiri. Godoro lililolowa hadi ndani usilingojee: ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 24 hadi 48. Tuite siku hiyohiyo. Likishaanza kunuka uvundo, kazi inakuwa nyingine, na bei pia.