Kwa wajukuu zangu mnaovuta kokoro Mtera

Mbukwenyi wajukuu zangu.

Nawaandikia ninyi mnaolala vibandani kando ya bwawa, upande wetu wa Dodoma na hata ng'ambo ya Iringa. Nami nimevua katika bwawa hili tangu ujana wangu. Juzi nilishuka mwaloni alfajiri nikawakuta mnavuta kokoro, ule wavu mrefu unaokwangua chini hadi ukingoni. Pale nilinyamaza, maana mtu mwenye njaa hashauriwi akiwa kazini. Nasema leo.

Katika rundo lenu palikuwa na perege jike, mdomo umemfura. Nilipomwinua akatema vitoto vingi, vidogo kama punje za uwele, macho matupu, vikawa vinarukaruka topeni. Perege jike huatamia mayai mdomoni, na vitoto vikianguliwa hurudi humohumo vinapoona hatari. Dume naye huchimba kiota kwenye maji mafupi, palepale kokoro linapokwangua. Mvuto mmoja unabeba mama, watoto na nyumba yao.

Mnajua kwamba kokoro limepigwa marufuku. Lakini siandiki ili mwogope doria. Nyumbani kwetu Ugogo, hata njaa ikaze vipi, mama hagusi kibuyu cha mbegu. Ule ukingo wenye majani, perege wanakozalia, ndicho kibuyu chetu.

Bwawa lilijengwa kwa ajili ya umeme. Maji yanazungusha mitambo ya megawati 80 hapo Mtera, kisha yanateremka hadi Kidatu, kwenye kituo kingine cha umeme. Kiangazi kikikaza, maji hurudi nyuma na samaki hubanana, nanyi mnaona neema. Hao waliobanana ndio watakaozaa mvua zikirudi.

Mimi mwenyewe nilivuta kokoro miaka mingi. Nikanunua ng'ombe, ukame ukawamaliza, na ile ghuba niliyoikwangua sikupata tena perege wa kujaza karai. Inaniuma hadi leo.

Tegeni nyavu za macho makubwa kwenye kina, na mvua zikianza uacheni ukingo kabisa. Kaeni na viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, mkubaliane ni ghuba zipi zipumzike. Mama zenu wanaokaangia abiria samaki pale barabarani watawaunga mkono, kwani samaki wa kiganja hawawalipi hata mafuta.

Nina nyavu mbili nzima za kutega. Atakayeniletea kokoro lake, nitampa moja. Jioni nipo chini ya mbuyu.