Kabla fundi hajashuka kwenye bati

Kisumu, Jumatano usiku

Dada yangu Nafula,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba Brian na watoto. Huku tu wazima. Picha za nyumba mpya nimezitazama mpaka simu ikaisha chaji, na bati lile jekundu limependeza kweli.

Ila kuna jambo limeninyima raha. Ile fimbo ya shaba aliyoisimamisha fundi juu ya paa, mbona sioni waya unaoshuka ukutani? Kama ndiyo amemaliza, tafadhali mrudishe. Fimbo kazi yake ni kuipokea radi tu. Kinachookoa nyumba ni njia ya kuiteremsha hadi ardhini. Radi ya kawaida hubeba ampea kama 30,000, na ikikosa njia hujitafutia yake: kwenye mbao za paa, kwenye waya wa taa, au kwa mtoto aliyeegemea ukuta.

Kwa hiyo mwambie ashushe nyaya mbili, kila moja kwenye kona yake, zinyooke bila kukunjwa sana, kwa sababu penye kona kali radi huweza kuruka nje. Chini, kila waya ufungwe kwenye chuma cha ardhi kilichopigiliwa mita 2 au zaidi, hadi kwenye udongo wenye unyevu. Kisha apime ukinzani wa ardhi, yaani jinsi udongo unavyouzuia umeme kupita, na wengi hulenga omu 10 kushuka chini. Hapo usikubali maneno matupu, mwambie apime ukiona. Bati lenyewe, mabomba ya maji na erthi ya stima viunganishwe na mfumo huo huo. Kama unaogopa wezi wa shaba, na una haki, chuma kilichopakwa zinki hufanya kazi hiyo pia.

Unajua kwa nini nasisitiza ardhi? Unamkumbuka ng'ombe wa Mama, yule mwenye baka jeupe? Radi haikumpiga yeye, ilipiga mkaratusi aliokuwa amesimama chini yake. Umeme ukatambaa udongoni, ukaingia kwa miguu ya mbele na kutokea kwa ya nyuma. Ng'ombe ana miguu iliyoachana, ndiyo maana anaumia kuliko kuku aliye karibu naye. Majirani walinong'ona kwamba kuna mtu ametuma radi hiyo. Mama alilia siku mbili, na yale maneno yalimuumiza kuliko hasara yenyewe.

Wewe mwenyewe unaijua mvua ya Kakamega. Mchana upepo wa ziwa hupanda na unyevu wake, ukakutana na upepo wa mashariki na ile miinuko ya Nandi, na ifikapo saa tisa au kumi mawingu yamekuwa meusi. Ndiyo saa ambayo watoto wanatoka shuleni! Huko Runyanya, Uganda, mwaka 2011, radi iliua watoto 18 wakiwa shuleni. Nikiwaza Brian na dadake wakitembea njia ile ya miti, moyo unaniuma. Wafundishe kuhesabu: wakiona mwako, ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10. Waingie nyumba imara au gari lililofungwa, kamwe si chini ya mti, na wangoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Na hata mfumo ukikamilika, chomoa televisheni na friji mvua inapokaribia, maana umeme wa radi huingia pia kwa nyaya za stima kutoka mbali. Kufunika vioo hakuna kazi, ijapokuwa nyanya yetu alifanya hivyo hadi kufa kwake. Mpe shikamoo shangazi, usimkatishe tamaa kwa hilo.

Jumamosi nitapanda matatu ya asubuhi nije. Fundi asilipwe salio mpaka nifike na tuone waya ule unavyoingia ardhini.

Ni mimi dada yako,
Akinyi