Anayetaka kupanda Lupanga kwa siku moja alale Morogoro

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nizungumzie matangazo ya safari za kupanda milima ya Uluguru, ambayo siku hizi husambazwa kwa wingi katika makundi ya simu, yakiwaalika vijana wa Dar es Salaam waondoke Jumamosi asubuhi, wapande kilele cha Lupanga au cha Bondwa, kisha walale makwao usiku uleule. Tangu treni ya reli ya kisasa ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, miji hii miwili imesogeleana kweli, na mimi nikiwa mkazi wa Morogoro nafurahi sana kuona watu wakija kwa ajili ya mlima wenyewe na si kwa ajili ya semina tu. Lakini treni imefupisha njia ya kufika Morogoro. Njia ya kutoka Morogoro hadi kileleni haijapungua hata hatua moja. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba mtu anayetaka kupanda na kushuka kwa siku moja ni lazima awe amelala Morogoro usiku wa kuamkia siku hiyo.

Tufanye hesabu pamoja. Mji wa Morogoro uko kwenye mwinuko wa mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, na vilele vya Lupanga na Bondwa vyote viwili vimepita mita 2,100. Anayeanzia mjini ana takriban mita 1,600 za kwenda juu, achilia mbali mabonde madogo ambayo humlazimu kushuka na kupanda tena. Mnamo mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, aliweka kanuni ambayo bado inatumika katika kupanga safari za namna hii: saa moja kwa kila kilomita tano za njia, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kanuni hiyo, mwinuko peke yake unakula zaidi ya saa mbili na nusu kabla hatujahesabu urefu wa njia. Tena Naismith alikuwa akiwafikiria watu wenye mazoezi wanaotembea kwenye vilima vilivyo wazi. Hakuwafikiria watu wanaotoka ofisini, wanaokanyaga mizizi iliyolowa, wanaoshika miti ili wasiteleze na wanaosimama kila baada ya dakika kumi kumsubiri mwenzao. Mimi hupanga saa tano za kupanda na nne za kushuka, na simshauri mtu yeyote apunguze hizo za kushuka kwa kudhani kwamba mteremko ni rahisi, kwa kuwa ni katika kushuka ndipo magoti huanza kutetemeka na vifundo vya miguu huteguka.

Sasa mtu aliyelala Morogoro akianza kutembea saa 12 asubuhi, atakuwa kileleni saa 5, atapumzika, na hata akichelewa kwa saa nzima atarudi mjini kukiwa bado na mwanga. Aliyetoka Dar es Salaam kwa treni ya alfajiri atashuka stesheni, atatafuta usafiri wa kwenda mjini, atakunywa chai, atasubiri wenzake wakamilike na vibali vishughulikiwe. Akibahatika ataanza kutembea saa 4. Huyo, kwa mwendo uleule, atafika kileleni saa 9 alasiri na atakuwa bado mlimani saa 1 usiku. Katika mwezi wa Juni jua huzama Morogoro saa 12 na dakika 20 hivi, na katika nchi zilizo karibu na Ikweta giza halina subira. Ndani ya msitu mnene mtu huacha kuona anapokanyaga hata kabla jua halijazama. Wapo wanaojitetea kwamba watapanda bodaboda hadi barabara inapokomea. Hilo huokoa muda kweli, lakini sehemu zenye mwinuko mkali na utelezi ziko juu ya hapo, na bodaboda haiwezi kumvusha mtu huko.

Kwa wale ambao hawawezi kabisa kulala Morogoro, liko jambo jema la kufanya, nalo ni kwenda Morningside na kuishia hapo. Jengo hilo la tangu enzi za Wajerumani liko kwenye mita 1,300 hivi, katika njia iendayo Bondwa, na kulifikia ni mazoezi ya kutosha kwa mtu asiyezoea milima. Njiani hupita mashamba ya Waluguru yaliyolimwa kwenye miteremko ambayo mgeni hujiuliza mkulima anasimamaje, na hukutana na akina mama wanaoteremka na mboga na ndizi kwenda kuuza mjini. Tafadhali wapisheni njia, maana wao wana mzigo kichwani. Ila aliyefika Morningside akiwa tayari amechoka aelewe kwamba mbele yake kuna mwinuko mwingine kama ule alioumaliza, na kwamba hakuna aibu yoyote katika kugeuza.

Hili la kugeuza ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote. Kila msafara unapaswa kuwa na saa ya kurudi iliyokubaliwa usiku wa kabla, watu wote wakiwa wamekaa, wameshiba na akili zimetulia. Mimi napendekeza saa 7 mchana. Ikifika saa hiyo, msafara unageuka popote ulipo, hata kama kilele kimebaki nusu saa. Saa hiyo isijadiliwe upya mlimani, kwa sababu mlimani wenye nguvu ndio husema kwa sauti, na waliochoka hunyamaza kwa kuona haya. Matokeo yake ni kwamba uamuzi hufanywa na wale wasioyajua maumivu ya wenzao. Vilevile mwendo wa msafara uwe ule wa mtu wa mwisho, na nyuma yake atembee mtu mzoefu ambaye kazi yake ni moja tu, kuhakikisha kwamba hakuna anayebaki.

Kuhusu majira, miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo yenye nafuu. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hugeuza njia kuwa tope, na mvua za vuli huanza mara nyingi mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Hata wakati wa kiangazi upepo unaotoka Bahari ya Hindi huleta unyevu unaogonga milima hii, hasa upande wa mashariki, na mchana mawingu hukalia vilele huku mjini jua likiwaka. Joto hupungua kwa nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda, hivyo mtu aliyelowa jasho na ukungu kileleni yuko katika baridi ambayo hakuitegemea alipovaa fulana asubuhi. Koti jepesi la mvua na nguo kavu moja katika mfuko wa plastiki huondoa tatizo hilo. Viatu viwe na soli yenye meno, suruali iwe ndefu kwa ajili ya upupu na siafu, na kila mtu awe na tochi yake mwenyewe, si ile ya simu, kwa maana simu inapaswa kubaki na chaji ya kuita msaada kwa namba 112, au 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Tena mtandao hukatika mabondeni, jambo linaloshangaza watu wanaojua kwamba juu ya Bondwa kuna minara ya mawasiliano. Maji yasipungue lita tatu kwa kila mtu. Vijito vinapendeza kwa macho, lakini juu ya vingi kuna mashamba na makazi.

Nisisitize pia kwamba eneo lote la juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na haiingiliwi bila kibali. Kibali kitafutwe siku moja au mbili kabla, pamoja na mwongozaji wa hapahapa Morogoro anayezijua njia, kwa sababu vijia vya wakulima na vya wakata kuni huchanganyikana na njia ya mlima hadi mgeni asiweze kuvitofautisha. Mto Ruvu unaowanywesha watu wa Dar es Salaam huanzia katika milima hii, kwa hiyo mgeni anayeacha chupa na mifuko msituni anachafua maji ya nyumbani kwake mwenyewe. Na anayepanda Lupanga kwa ajili ya picha ya mandhari ajue mapema kwamba miti imefunika kilele chenyewe na huzuia sehemu kubwa ya kuona. Ukiniuliza mimi, msitu ndio hasa unaostahili safari: miti iliyovikwa kijani kuanzia shinani, ukimya unaokatizwa na ndege, na miongoni mwa ndege hao wapo wasiopatikana mahali pengine popote duniani isipokuwa Uluguru, akiwemo yule ambaye wataalamu humwita Malaconotus alius. Anayekimbizana na saa ya treni hawezi kumsikia.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, kupitia gazeti lako nawaomba waandaaji wa safari hizi waandike katika matangazo yao mambo matatu ambayo sasa hayaonekani katika mengi niliyotumiwa: mwinuko wote wa kupanda kwa mita, saa ya kuanza kutembea, na saa ya kugeuza. Bei ya safari ijumuishe malazi ya Ijumaa usiku. Nyumba za wageni za bei nafuu Morogoro hazijawahi kuwa haba. Wahusika wa hifadhi nao nawaomba wafikirie kuweka daftari mahali njia zinapoanzia, ambamo kila msafara utaandika idadi ya watu, kilele wanachokwenda na saa wanayotarajia kurudi, ili ikifika saa 1 usiku na jina halijafutwa, awepo mtu anayejua pa kuanzia kutafuta.

Wako,
Msomaji wa Kilakala, Morogoro