Mwanangu, ile barabara

Keko, Dar es Salaam

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Sisi huku hatujambo. Presha ya mama yako imetulia tangu abadilishiwe dawa. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nikitaja barabara tu unasema "nimekuelewa, mzee," halafu unaaga. Dada yako atakuletea barua hii mkononi, na nimemwambia asiondoke mpaka uimalize.

Juzi alikuja gereji dereva wa makontena, breki za nyuma zinamsumbua. Katika mazungumzo akasema alfajiri ile, pale Mtoni kwa Azizi Ally, nusura apande juu ya mtu aliyelala kwenye baiskeli ya chini anazungusha kwa mikono. Alichoona ni kitaa chekundu, kidogo kama moto wa sigara. Hakujua anaongea na nani, nami sikumwambia. Nilimaliza kufunga tairi lake, nikaenda kukaa nyuma kwenye ile injini mbovu, mpaka vijana wakaja kuniuliza kama naumwa.

Ulituahidi Barabara ya Kilwa umeiacha. Uliahidi mbele ya mama yako, mkono juu ya bega lake.

Siku ile yako sitairudia, unayo mwenyewe. Nizungumzie ya huyu Mtaliano wako. Miaka yote naona picha yake ukutani kwako, amekaa chini kwenye lami, amenyanyua baiskeli yake juu kwa mkono mmoja, na sikuwahi kuuliza habari zake. Nilidhani ni mambo ya vijana. Wiki hii nilimwambia mdogo wako anitafutie kwenye simu, anisomee yote. Tulikaa barazani mpaka saa tano usiku.

Nimempenda Alex Zanardi, na nimempenda kwa sababu ya baba yake. Baba yake alikuwa fundi bomba. Ile gari ndogo ya kwanza ya kushindania, mtoto ana miaka 13, imetengenezwa kwa pipa la taka na mabomba ya kazini kwa baba. Wazazi wale walikuwa wameshampoteza binti yao kwenye ajali ya gari mwaka 1979, na mbio zile waliziona ni afadhali, kijana awe uwanjani kuliko barabarani. Hapo nilimwambia mdogo wako anyamaze kidogo. Mimi nilikufundisha kushika usukani ukiwa na miaka 12, kwenye ile pikapu, nikajisifu kwa wenzangu kwamba una mguu mwepesi kwenye klachi.

Ajali yake ya Ujerumani mwaka 2001 unaijua kuliko mimi. Anaongoza mbio, imebaki mizunguko 13, anatoka kuongeza mafuta, gari linamgeuka, mwenzake anakuja kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Miguu yote miwili. Lakini kilichonishika ni kwamba mwaka 2003 alirudi uwanja uleule wa Lausitzring, gari limefungwa vidhibiti vya mkono, akaimaliza ile mizunguko 13 iliyobaki. Mimi ni fundi, gari likitoka gereji kwangu na kazi nusu silali. Nilimwelewa kabisa.

Kisha baiskeli ya mikono, kwenye Paralimpiki, ile Olimpiki ya walemavu. London mwaka 2012 dhahabu mbili na fedha moja. Rio mwaka 2016 dhahabu mbili na fedha moja tena, na dhahabu mojawapo aliipata siku moja kabla ya kutimia miaka 15 tangu ajali. Ana miaka karibu 50! Sasa naelewa kwa nini unaamka saa kumi usiku.

Ila mwanangu, kuna ukurasa ambao hukunisomea. Tarehe 19 Juni 2020, huko kwao Italia, yuko kwenye baiskeli hiyohiyo, barabara ya kawaida yenye magari. Kwenye mteremko ikamponyoka, akaingia upande wa pili, lori lilikuwa linakuja. Safari hii aliumia kichwa. Utaniambia lori halikuwa na kosa. Sijasema lina kosa. Nasema lilikuwepo. Yule Mjerumani mwenye uwanja alifunga mageti, wakapeleka gari na daktari, na bado alikatika miguu akapona. Kwenye barabara yenye malori ndipo alipoumia kichwa, mtu mwenye dhahabu nne.

Nikafanya jambo. Jana jioni ile semitrela bado iko uani. Nilimkalisha kijana wangu kwenye ndoo ya rangi, pembeni ya tairi la mbele upande wa kushoto, nikamwambia ajilaze nyuma kidogo kama unavyolala wewe. Nikapanda kwenye kiti cha dereva. Niliangalia kioo cha pembeni, nikaangalia mbele, nikainuka kidogo kwenye kiti. Sikumwona. Nikampigia kelele anyooshe mkono juu. Nikaona vidole vinne. Mtu niliyemweka mwenyewe, ninayejua alipo, mchana kweupe, nimeona vidole vinne tu. Na wewe unapita saa kumi na moja alfajiri, madereva wametoka bandarini wanasinzia.

Mazoezi hayana budi kufanyika, najua. Zunguka nje ya Uwanja wa Mkapa, pale lami ni nzuri na alfajiri hamna kitu zaidi ya watu wanaokimbia. Au Jumapili uende Chuo Kikuu, vile vilima vitakupa kifua unachotaka. Utasema kuchukua bajaji mpaka kule na baiskeli juu ni gharama. Nitalipa mimi. Nimezungumza na yule mwenye kirikuu anayepeleka maji, atakuwa anakuchukua mara tatu kwa wiki, hela nishampa ya mwezi. Kwa hiyo neno la gharama lisije tena.

Hukuniambia kwamba umechaguliwa kwenda Afrika Kusini. Nimesikia kwa mteja! Anaingia na gari lake, "Hongera mzee, kijana anasafiri," nami nimeduwaa na spana mkononi. Mama yako alikuwa anajua. Haya, yamepita. Tangu siku hiyo kila anayeleta gari namwambia kabla hajazima injini, hata wasiouliza. Nawaeleza kwamba ile mikono miwili huzunguka pamoja, si kwa kupishana kama pedeli za miguu, na kwamba nguvu yote inatoka mabegani na mgongoni. Mmoja alidhani inatumia betri, nikagombana naye.

Hayo mabega yatunze. Ndiyo mikono yako na ndiyo miguu yako, yakichanika hakuna mengine. Siku ya kupumzika pumzika kweli, usije huku kunisaidia kunyanyua giaboksi. Vigutu vikague kila jioni kwa kioo, jasho la hapa linachubua bila mtu kujua, na soksi zake fua kila siku, usivae zilizolala na unyevu. Ukiona wekundu usiokwenda, sema. Na huko ugenini daktari akikwambia jambo, likubali siku hiyohiyo. Usingoje kupiga simu nyumbani uulize wazee. Wazee nao huogopa. Ile fomu yako ililetwa Jumanne nami nikaitia sahihi Alhamisi, kwa sababu nilikuwa nangoja yule mtu wa mifupa afike kutoka Mkuranga. Wa kushoto ulikuwa umeshakatiwa chini ya goti. Wa kulia, Jumanne, walikuwa bado wanazungumzia chini ya goti. Kwa hiyo usingoje.

Nguo za baridi chukua, dada yako ana koti zito. Baiskeli ikifunguliwa kwa ajili ya ndege, kila nati uifunge kwenye mfuko wake na uandike juu kwa kalamu. Usimwachie mtu mwingine kukaza breki. Niletee hapa siku mbili kabla, beringi ya gurudumu la nyuma kushoto inalia, niliisikia ulipokuja mwezi uliopita, nikanyamaza kwa sababu tulikuwa tumenuniana. Nimeshapata mpya pale Gerezani.

Pia nimekutengenezea bendera. Ni fito ya kuvulia samaki, nyepesi na haivunjiki kwa upepo, kitambaa ni cha rangi ya chungwa kutoka kwenye fulana mbovu ya mtu wa barabarani, na kile kipande chake kinachong'aa nimekishonea juu. Nilipanda tena kwenye ile semitrela kuijaribu, nikaikata urefu pale ambapo naiona yote bila kuinuka kwenye kiti. Utasema inashika upepo na inakupunguzia mwendo. Siku ya mashindano iondoe. Siku nyingine zote ikae. Niahidi mimi safari hii, si mama yako.

Mengine ni ya nyumbani. Simtanki limepasuka tena chini, tumeliziba kwa gundi ila naona halifiki mvua za masika. Mpangaji wa chumba cha mbele amelipa miezi miwili, bado mmoja. Binti wa dada yako amefaulu, anataka viatu vya shule, mama yako anasema wewe ulimwahidi. Ule mwembe tumeupunguza matawi, umeme ulikuwa unapiga cheche kila upepo ukivuma.

Radhi zangu unazo, ulikuwa nazo hata tulipokuwa hatusemezani.

Jumapili njoo ule hapa, kuna kuku. Pitia mlango wa uani. Vile vidaraja viwili ambavyo kaka zako wamekuwa wakikubebea miaka sita yote nimevivunja, nimemwaga zege la mteremko Jumatano jioni, nimeupima kwa baiskeli yako upana. Ila usije kabla ya Jumapili, bado halijakauka vizuri, na kuku wa jirani wameshaacha nyayo upande mmoja.

Baba yako