Mgongo umeumia. Na kichwa je?

Mwaka jana mama mmoja wa Kibaigwa alitupigia simu akiwa na hasira, na alikuwa na haki ya kukasirika. Karakana yetu ilimtengenezea mwanawe, aliyeumia uti wa mgongo, kitimwendo na mto wa kukalia, tukakaa naye nyumbani saa mbili nzima tukimfundisha kujiinua kila baada ya dakika 20 ili damu ifike kwenye ngozi ya makalio. Wiki tatu baadaye kidonda kikawa kimetoboka. "Fundi, mto wenu haufai," alisema. Tulipofika tukakuta mto uko sawa. Kijana ndiye hakuwa anajiinua, na nilipomuuliza kwa nini, akasema hakuna aliyewahi kumwambia.

Niliondoka pale nimemhesabu kuwa mkaidi. Naliandika hili kwa sababu nilikosea, na kosa langu lilichangia siku nyingi alizolala kifudifudi akisubiri kidonda kifunge.

Kijana yule alikuwa dereva wa bodaboda, akagongwa na lori kwenye barabara ya Morogoro. Karatasi yake ya ruhusa ilitaja pingili zilizovunjika, dawa na tarehe ya kurudi kliniki. Kuhusu kichwa hapakuwa na hata mstari mmoja. Ni baadaye, tukinywa chai na mama yake, ndipo aliposema kwamba mwanawe haikumbuki ajali, halikumbuki gari lililombeba, wala siku mbili za kwanza wodini.

Kishindo cha kuvunja mgongo wa mtu mzima hutikisa na ubongo wake. Mwaka 2008 watafiti wa kituo cha ukarabati cha Shepherd Center, huko Atlanta nchini Marekani, walichapisha matokeo ya kuwachunguza watu karibu 200 walioumia uti wa mgongo kwa ajali. Asilimia 60 walikuwa wameumia na ubongo pia. Wengi wao jeraha la kichwa lilikuwa la kiwango kidogo, lile linaloitwa mtikisiko wa ubongo, na hilo ndilo linalopita bila kuonekana.

Siwalaumu wauguzi. Mtu akiletwa miguu haina hisia, shingo imefungwa, pumzi ya shida, kila mkono unakimbilia kuokoa uhai. Akipewa dawa za maumivu na usingizi, nani atajua kama kuchanganyikiwa kwake kunatokana na dawa au na pigo la kichwa? Tena kipimo cha CT skani kinaweza kutoka safi kabisa huku mtikisiko upo. Siku zinapita, familia inaitazama miguu, na kichwa hakiulizwi tena.

Nyumbani ndiko tatizo linapojitokeza, kwa sababu maisha ya aliyeumia uti wa mgongo yanahitaji kukumbuka mambo mengi mno: kujiinua kitini, kugeuzwa kitandani usiku, kutoa mkojo kwa mpira kwa saa zilizopangwa, kukagua ngozi kwa kioo asubuhi na jioni, kufunga breki kabla ya kuhamia kitandani. Ukimpa kazi hiyo mtu ambaye ubongo wake unachoka haraka, anayesahau cha dakika kumi zilizopita, anayeumizwa na kelele na mwanga, utamwona kama mvivu au mwenye kiburi. Ndugu wanasema "amebadilika, amekuwa mkali." Mke anaondoka chumbani akilia. Hapa Dodoma nimesikia hata watu wakisema karogwa.

Jambo moja naomba lisomwe taratibu. Ikiwa jeraha la mgongo liko kwenye pingili ya 6 ya kifua au juu zaidi, na ghafla kichwa kinagonga kwa nguvu, jasho linatoka usoni na shingoni, pua inaziba, msiseme ni kile kichwa cha ajali mkampa dawa ya maumivu alale. Huenda presha imepanda kwa sababu kibofu kimejaa au mpira wa mkojo umepinda. Mkalisheni wima, miguu ining'inie, legezeni nguo na mkanda, kagueni mpira kuanzia mwilini hadi kwenye mfuko. Hali isipotulia mara moja, hospitali, hata kama ni saa nane usiku. Presha hiyo inaweza kuua.

Na dawa pia. Baklofeni, inayotolewa kulegeza misuli inayokakamaa, humtia mtu usingizi na wakati mwingine kumvuruga akili. Mkiona hivyo mwelezeni daktari. Kuikatisha ghafla wenyewe ni hatari.

Sisi si madaktari. Ni karakana ya Chang'ombe yenye mafundi na mtaalamu mmoja wa mazoezi tiba, na kupima ubongo si kazi yetu. Ila tumebadilisha namna ya kufundisha. Zile saa mbili za mfululizo tumeziacha. Sasa tunakuja mara nne, nusu saa kila mara, asubuhi mgonjwa akiwa na nguvu, redio imezimwa. Tunafundisha jambo moja, kisha tunamwomba atuonyeshe yeye. Simu yake tunaiwekea kengele ya kujiinua, na hatua za kuhama kitandani tunazibandika ukutani kwa picha. Ndugu mmoja lazima ajifunze pamoja naye. Gharama ya ziara hizo imo ndani ya bei ya kitimwendo.

Kijana wa Kibaigwa tulimwandikia maelezo ya kupeleka kliniki, akachunguzwa upya, ikaonekana kweli kichwa kiliumia. Kidonda kimefunga. Kengele yake inalia kila baada ya dakika 20 na mama anasema hata mbuzi wameizoea.

Mkija kupimiwa kitimwendo, njooni na karatasi ya ruhusa, dawa zote anazotumia, na ikiwezekana mtu aliyekuwepo siku ya ajali. Tutamuuliza mgonjwa kitu gani cha mwisho anakikumbuka kabla ya kuumia, na kipi cha kwanza baada yake. Akishindwa kujibu, msimsaidie kujibu. Tunataka kujua pengo ni la saa ngapi au siku ngapi, tuliandike, mlipeleke kwa daktari.